Barua ya Unguja: Mwanafunzi Kando ya Kitanda



Nawaamkieni nyote, ninyi mlio karibu nasi huku Kitope na Machui, na ninyi mlio ng'ambo ya bahari, ambao gazeti hili huwafikia likiwa limekwisha pita mikono mitatu minne na kukunjwa mara kumi. Sisi huku mjini hatujambo. Kipupwe kimekwisha, joto limerudi, na mawingu ya vuli yameanza kuonekana jioni upande wa bahari.

Juma hili nataka kuwaleteeni habari za wanafunzi wa udaktari. Vyuo vikuu vyetu hufungua mwaka mpya wa masomo mwezi huu wa Oktoba na ule wa Novemba, na sisi wa parokiani twaujua msimu huu hata kabla ya kuambiwa. Vijana wageni huonekana katika Misa ya kwanza ya Dominika, wamesimama nyuma karibu na mlango wa kanisa letu la Minara Miwili, wanatazama huku na huku. Baada ya Misa huja ofisini kwangu. Mmoja auliza njia ya kwenda Mbweni, mwingine auliza chumba cha kupanga, na wa tatu hana swali ila anataka kusikia mtu akimwambia "karibu mwanangu", kwa maana ndiyo mara yake ya kwanza kulala mbali na mama yake.

Nawaandikieni habari hizi kwa sababu mbili. Ya kwanza, baadhi ya vijana hao ni watoto wenu. Ya pili, sisi sote, tupende tusipende, siku moja tutalala kitandani na kumwona mwanafunzi wa udaktari amesimama kando na daftari mkononi. Siku hiyo tutamwambia nini? Mimi mwenyewe nilijibu vibaya, nami nitawaeleza.

CHUO CHENYEWE

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho watu wote hukiita SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001. Makao yake makuu yako Tunguu, na skuli yake ya afya na sayansi za tiba iko Mbweni, kusini ya mji, upande wa njia iendayo Uwanja wa Ndege. Wazee wanaijua Mbweni kwa mambo mengine. Huko ndiko wamisioni wa Kiingereza walikonunua shamba mwaka 1871, wakawapa makao watumwa waliokombolewa na kuwajengea watoto wa kike skuli. Magofu yake yapo mpaka leo. Kwa hiyo Mbweni imezoea kufundisha.

Kwa miaka mingi Mbweni palikuwa na chuo cha Serikali kilichofundisha wauguzi, matabibu na watu wa maabara. Baadaye chuo hicho kikaunganishwa na SUZA. Udaktari wenyewe, yaani masomo ya kumfanya mtu awe daktari kamili, ulianza kufundishwa hapa Unguja mwaka 2007 kwa msaada wa walimu kutoka Kuba, wa chuo kikuu cha tiba cha Matanzas, na madaktari wa kwanza wakahitimu mwaka 2013.

Labda kijana wa leo haoni ajabu katika habari hiyo. Lakini mwulizeni mzee. Zamani kijana wa Unguja aliyetaka udaktari ilimlazimu kupanda meli, kisha garimoshi, mpaka Makerere huko Uganda, ambako mafundisho ya uganga wa kizungu yalianza miaka ya 1920. Dar es Salaam ilipata skuli yake ya udaktari mwaka 1963. Leo ni chuo kikuu kamili kiitwacho Muhimbili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 waganga wengi waliokuwa hapa Unguja waliondoka, na mwaka huo huo wa 1964 wakaja waganga wa kwanza kutoka China. Tangu wakati huo makundi yao yamekuwa yakija na kupokezana. Twawashukuru sana. Lakini mgeni, hata akiwa mwema namna gani, ana siku yake ya kurudi kwao, na mgonjwa hueleza maumivu yake kwa lugha ya mama yake. Visiwa hivi vilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773 katika sensa ya mwaka 2022. Watu wote hao hawawezi kuishi kwa kuazima waganga.

JENGO BILA WATU

Mtu ashukapo meli hapa mjini na kushika njia ya Mizingani, huona nyumba moja nzuri mno yenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Watu huiita Dispensari ya Zamani. Nyumba ile ilianzishwa na tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, mwaka 1887, akikusudia iwe hospitali ya watu wa Unguja. Tajiri yule alifariki mwaka 1891 kabla haijaisha, na mjane wake akaimaliza mwaka 1894. Walakini haikuwa hospitali kama alivyokusudia. Baadaye ikauzwa, na chini yake pakafunguliwa dispensari, ndiyo asili ya jina lake.

Kila nipitapo pale huwaza kwamba kujenga nyumba ya wagonjwa ni jambo moja, na kuwa na watu wa kuwatibu wagonjwa ni jambo jingine. Wamisioni wetu walianza kwa watu. Mwezi wa Desemba mwaka 1860 Padri Fava alifika hapa kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadri wengine, masista wa shirika la Mabinti wa Maria, na mganga mmoja wa manowari. Hawakuwa na jengo la kifahari. Walipata nyumba mjini, wakaanza kuwatibu watu, wenyeji kwa wageni, bila kuuliza dini ya mtu. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliowafuata mwaka 1863 waliiendeleza kazi hiyo. Basi kwetu sisi Wakatoliki wa Unguja, uganga na Injili viliteremka katika chombo kimoja.

SHANGAZI YANGU

Sasa nitawaeleza niliyoahidi.

Shangazi yangu mmoja anakaa shamba, upande wa kaskazini. Ni mjane, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Miezi michache iliyopita alianguka jikoni. Tulimpakia katika gari, tukamfikisha hospitali moja ya hapa kisiwani, akalazwa. Wakamwambia presha yake iko juu sana. Yeye akashangaa, nasi tukashangaa, kwa maana alikwisha pewa dawa za presha zamani na hakuwa mtu wa kuzisahau. Kila asubuhi baada ya sala hunywa dawa yake. Jambo hilo kijiji kizima chalijua.

Siku ya pili nilimkuta amenuna. Nikamwuliza, "Shikamoo shangazi. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Wamekuja watoto sita na mwalimu wao, wamenizunguka kama nyama ya sokoni. Huyu anibonyeza hapa, yule aniangalia jicho. Mimi nimekuja kutibiwa au nimekuja kusomewa?"

Nami, Mungu anisamehe, badala ya kumtuliza nilimtia maneno. Nilimwambia, "Wakirudi wakatae. Mwambie mwalimu wao unataka daktari mkubwa tu." Nilijiona mjuzi, mtu wa mjini, mtu aliyesoma chuo cha ualimu. Nilisahau kwamba nilipokuwa chuoni tulipelekwa katika skuli za msingi kufanya mazoezi, na watoto wa watu walikaa kimya mbele yangu nilipokuwa sijui hata kushika chaki. Kama wazazi wao wangesema, "Tunataka mwalimu mkuu tu," leo nisingekuwa na cheti.

Kesho yake alikuja mwanafunzi mmoja peke yake, binti wa Kipemba, amejifunga mtandio wake vizuri, ana daftari. Shangazi akageukia ukutani. Binti yule hakuondoka. Akasema, "Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi, si daktari bado. Nimetumwa nizungumze nawe. Ukinikatalia sitakasirika." Shangazi aliniambia baadaye kwamba neno lile "si daktari bado" ndilo lililomgeuza, kwa kuwa ni mara chache kusikia mtu mwenye koti jeupe akijitaja kwa alilopungukiwa.

Basi akaketi, akauliza. Hakuuliza habari za ugonjwa tu. Aliuliza, "Bibi, unakaa na nani? Chakula anapika nani? Dawa unaziweka wapi? Nani mwingine nyumbani ana presha?" Daktari mkubwa ana wagonjwa wengi wa kupitia asubuhi moja, hawezi kukaa saa nzima na kila mmoja. Mwanafunzi anao muda. Na katika saa ile moja jambo likatokea ambalo hata mimi, mwana wa ndugu yake, sikuwa nalijua.

Shangazi ana mdogo wake wa kike, naye anaumwa kichwa mara kwa mara, na safari ya kwenda kupimwa anaiona ndefu na ya gharama. Shangazi alimhurumia. Kila alipopata vidonge vyake alivigawa sawasawa, nusu yake na nusu ya mdogo wake. Kwa hiyo kila asubuhi alikuwa akinywa nusu kidonge, tena kwa uaminifu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, akidhani anatimiza amri ya mapendo.

Yule binti hakumkemea. Alimwambia, "Bibi, una huruma sana. Lakini nakuomba ruhusa nimweleze daktari." Shangazi akampa ruhusa. Daktari akaja, akaeleza kwa upole kwamba nusu ya dawa ya presha haileti nusu ya afya. Presha hubaki juu, na mtu hupata kiharusi hali anajidhania anatibiwa. Kisha akauliza, "Na huyo mdogo wako, ana ugonjwa mwingine wowote?" Shangazi akasema, "Ana pumu tangu utotoni." Daktari akatikisa kichwa. Dawa moja katika zile alizokuwa akigawiwa ni ya namna ambayo mwenye pumu hapewi ovyo, maana yaweza kumbana kifua mpaka ashindwe kupumua.

Fikirini, wasomaji wangu. Mtu na ndugu yake, wote wawili walikuwa wanaingia hatarini kwa sababu ya upendo. Jambo hilo lilipatikana kwa kuulizwa swali, na aliyeuliza ni yule niliyeshauri afukuzwe.

Alhamisi ile yule mdogo wake aliletwa na gari ya shamba, akapimwa, akapewa dawa yake mwenyewe inayomfaa. Leo wote wako nyumbani, na kila mmoja ana kikopo chake chenye jina lake. Nami kazi yangu, kama mjuavyo, ni kuandika vitabu vya parokia: ubatizo, ndoa na mazishi. Katika kitabu cha mazishi nimekwisha andika majina ya watu wengi ambao jamaa zao waliniambia, "Alianguka ghafla tu." Sitaki kusema zaidi. Lakini tangu siku ile, nisikiapo neno hilo "ghafla", hujiuliza kama kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyepata muda wa kuliuliza.

MWANAFUNZI NI NANI, NA MGONJWA ANA HAKI GANI

Baadhi yenu mnaogopa. Wazee wetu wa pwani waliogopa mumiani, watu waliosemekana kukamata wenzao na kuwatoa damu wafanyie dawa. Hofu hiyo haijaisha kabisa. Bado yuko mtu amwonaye kijana mwenye koti jeupe na sindano, moyo ukamdunda. Basi yafaa mjue hawa vijana ni nani.

Katika nchi yetu masomo ya udaktari kwa desturi huchukua miaka 5 chuoni, kisha mwaka 1 wa mazoezi katika hospitali chini ya madaktari wakubwa, ndipo mtu huandikishwa kuwa daktari kamili. Miaka ya mwanzo hujifunza mwili ulivyoumbwa, jinsi moyo unavyopiga, damu inavyozunguka, na jinsi magonjwa yanavyoingia. Miaka inayofuata huingia mawodini: kwa watoto, kwa wazazi, kwa wanaopasuliwa, na kwa wenye magonjwa ya ndani. Hapo ndipo anapokutana na shangazi yangu na shangazi yako.

Mwanafunzi hana ruhusa ya kukuandikia dawa kwa amri yake mwenyewe, wala kukupasua. Kila afanyalo yuko daktari anayelijibia. Yeye husikiliza, huuliza, hupima, huandika, kisha hupeleka aliyoyaona kwa mwalimu wake, naye mwalimu huyachunguza. Mara nyingi maana yake ni kwamba ugonjwa wako umetazamwa na macho manne badala ya mawili.

Na wewe mgonjwa una haki zako. Unayo haki ya kuambiwa kwamba huyu ni mwanafunzi. Unayo haki ya kuuliza jina lake. Mwanamke anayo haki ya kuomba mwanamke mwenzake awepo apimwapo. Unayo haki ya kusema, "Leo nimechoka, mwanangu, njoo kesho," au kukataa kabisa, wala usinyimwe matibabu kwa kukataa huko. Siri yako ni siri yake kama ilivyo siri ya daktari. Haki hizo si upungufu wa adabu. Mwanafunzi mwema huzijua, na asiyezijua afundishwe mapema, naye atafundishwa na wewe.

Lakini baada ya kujua kwamba waweza kukataa, nakusihi ukubali. Kila daktari mkubwa umtakaye wewe alikuwa siku moja kijana mwenye mikono baridi, akigusa tumbo la mtu kwa mara ya kwanza. Yuko mtu, hatumjui jina, aliyemvumilia. Sisi leo twafaidi uvumilivu wa mgonjwa yule. Basi na wajukuu wetu wafaidi wa kwetu.

Kanisa linaye mtakatifu wa jambo hili. Joseph Moscati alikuwa daktari wa Napoli, Italia, na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari. Aliwafundisha kando ya vitanda, akawatibu maskini bila kuwatoza, akafariki mwaka 1927. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1987. Sikukuu yake ni tarehe 16 Novemba.

NENO KWA WAZAZI WENYE WATOTO WANAOSOMA SAYANSI

Wazazi kadhaa wameniuliza, "Mtoto wetu anapenda udaktari; afanyeje?" Nami najibu kwa ufupi.

Kwanza, awe na masomo matatu katika kidato cha sita: fizikia, kemia na baiolojia. Asiyeyasoma hayo matatu mlango huu ni mgumu kwake. Basi amweleze mwalimu wake mapema, tangu kidato cha nne, siyo baada ya mtihani. Pia iko njia ya pili, ambayo watu huidharau bure: kuanza na stashahada ya utabibu, kufanya kazi, kisha kuomba udaktari baadaye kwa kufaulu vema.

Pili, SUZA si pekee. Kanisa lenyewe lina chuo kikuu cha afya huko Bugando, Mwanza, kilichoanza kufundisha udaktari mwaka 2003. Na huko Ifakara kiko chuo cha Mtakatifu Fransisko. Mtoto wa Unguja aweza kwenda Mwanza, na mtoto wa Mwanza aweza kuja Mbweni. Bahari si ukuta.

Tatu, na hili ndilo linaloniliza kila mwaka ofisini kwangu. Ada ni nyingi, na wengi wenu mtahitaji mkopo. Iko Bodi ya Mikopo ya Dar es Salaam, na Zanzibar ina bodi yake pia. Mwombaji hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Serikali, na kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Ndipo mama hufunga safari kutoka shamba, aniletee cheti cha ubatizo kilichotunzwa miaka 20 ndani ya Biblia, aseme, "Hiki hapa, Bwana Karani." Wapendwa, cheti cha ubatizo ni hazina ya roho, nami ninakiandika kwa heshima zote, lakini bodi haikipokei kuwa cheti cha kuzaliwa. Tafuteni cheti cha Serikali sasa, mtoto angali mdogo: kwa Bara ni kwa RITA, na kwa Zanzibar ni kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Na jina liandikwe vile vile kama lilivyo katika karatasi za skuli. Nimewaona vijana wenye akili kabisa wakihangaika kwa ajili ya herufi moja. Usiseme, "Tutafanya atakapofaulu." Atakapofaulu, muda utakuwa mfupi, kwa kuwa matokeo ya kidato cha sita hutoka katikati ya mwaka na maombi ya vyuo hufuata mara.

Nne, binti naye ana haki. Aliyemsaidia shangazi yangu alikuwa binti wa mtu. Kama baba yake angalisema, "Wa kike yatosha kidato cha nne," leo ningekuwa nawaandikieni habari nyingine.

YANAYOKUJA

Tarehe 18 Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Luka Mwinjili, ambaye Mtume Paulo amtaja kuwa ni mganga. Ndiye msimamizi wa madaktari. Siku hiyo, ninyi mlio vijijini ambako hakuna Misa ya kila siku, kusanyikeni hata katika jumuiya, mwasalie madaktari, wauguzi na wale wanaosomea kazi hizo. Someni pamoja Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Humo mtaona kwamba kumheshimu mganga na kutumia dawa itokayo ardhini si kumkosea Mungu imani, kwa maana vyote viwili vimetoka kwake.

Wanafunzi Wakatoliki wa vyuo vikuu wana chama chao, TMCS. Mzazi mwenye mtoto anayekuja kusoma Unguja, ampe barua ya Padri wake wa nyumbani. Afikapo, aje nayo ofisini baada ya Misa. Tutamwonyesha wenzake ili asikae mpweke.

Na familia zilizo karibu na mji, nawaombeni jambo dogo. Hawa vijana Dominika hula mkate na chai, kisha hurudi vitabuni. Ukimwalika mmoja kwa wali na samaki mara moja kwa mwezi, hutafilisika.

Mwishoni mwa mwaka kwa kawaida huja mahafali ya SUZA. Wale wenye watoto wanaohitimu, jitayarisheni nauli ya boti mapema.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Kanisa limeiadhimisha tangu mwaka 1993. Na tarehe 14 Juni ni siku ya wachangiaji damu. Damu haichimbwi wala haipandwi; hutoka katika mkono wa mtu na kuingia katika mkono wa mwenzake. Yule mama ajifunguaye usiku na kupoteza damu hawezi kungoja tumalize hofu zetu za mumiani.

KWA KUMALIZIA

Asubuhi ile shangazi aliporuhusiwa kwenda nyumbani, nilikuja kumchukua. Kila kitu kilikwisha fungwa: kikapu, kanga, rozari yake, kopo la uji. Lakini hakuinuka. Nikamwambia, "Shangazi, gari inangoja."

Akasema, "Nayo ingoje. Yule mwanangu wa Kipemba hajafika."

Tukangoja. Binti akaja akikimbia, ametoka darasani. Shangazi akamshika mikono, akamwombea kwa sauti yake ile kubwa mpaka wodi nzima ikanyamaza. Alimwomba Mungu amjalie kufaulu mitihani, na amjalie asiache kuketi akishakuwa daktari mkubwa. Yule binti, ambaye ni Mwislamu, akaitikia, "Amin, bibi." Na mimi niliyemshauri shangazi amfukuze nikaitikia pamoja naye, kwa sauti ya chini.

Basi juma hili kila mmoja wetu aangalie nyumbani kwake: nani anakunywa dawa ya nani? Na siku utakapolazwa, akija kijana na daftari akakuamkia, usigeukie ukutani. Mwambie, "Marahaba, mwanangu. Keti."

Mungu awalinde nyote mpaka tutakapoonana tena.

Mimi mwenzenu katika Kristo,
Karani wa Parokia, Unguja Mjini.